Baba Witness na Mvuke wa Stroberi

Fidelis alikuwa na kikohozi maarufu. Kila alfajiri alitoka nje, akawasha sigara, akakohoa. Kuku walishtuka. Mbwa wa jirani alibweka. Watu wote wa kitongoji kile cha juu ya Bigwa walijua kumekucha.

"Baba Witness huyo," walisema. "Amkeni, twende shamba."

Fidelis alilima kabichi, karoti na stroberi kwenye mteremko wa Uluguru. Mteremko wenyewe mkali. Ukidondosha kabichi, unaenda kuiokota kwa jirani wa chini. Shamba lilikuwa la ukoo wa mke wake, Veronika. Kwa Waluguru wengi ndivyo ilivyo. Ardhi inapita kwa mama. Na mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anapewa paja la kuku. Lakini mjomba, yaani kaka wa mama, akianza kuongea, baba anaweka kijiko chini.

Fidelis na Veronika walikuwa na mtoto mmoja, Witness. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa darasa la kwanza, na maneno yake yalikuwa ya darasa la saba. Alikuwa pia na pumu.

Mwezi wa sita ukungu ulishuka. Baridi ikaingia hadi kwenye mifupa. Asubuhi moja Witness alishindwa kupumua. Kifua chake kilipiga filimbi. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Wakapanda bodaboda wote watatu, wa nne dereva, wakashuka mbio hadi hospitali mjini.

Nesi alimvalisha Witness kinyago cha plastiki. Mashine ikaanza kunguruma kama nyuki kwenye chupa. Mvuke mweupe ukatoka, Witness akauvuta. Baada ya muda filimbi ya kifuani ikapungua. Fidelis alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Aliutazama ule mvuke kama mtu anayetazama muujiza.

Daktari akauliza, "Nyumbani kuna mtu anavuta sigara?"

Veronika alitazama dari. Fidelis alitazama viatu.

"Mimi, daktari," alisema Fidelis. "Lakini navuta nje. Tena nasimama upande ambao upepo unaenda kwa jirani."

"Jirani naye ana mapafu," alisema daktari. "Halafu ukimaliza, unaingia ndani. Moshi unaingia na wewe. Umekaa kwenye koti, kwenye nywele, kwenye mikono. Ukimbeba mtoto, anauvuta. Mwenye pumu anahitaji kidogo tu, kifua kinabana. Baba, acha sigara. Sio kupunguza. Acha."

"Nimesikia, daktari."

Alisikia kweli. Ila walipotoka getini, mkono wake ulikuwa umeshafika mfukoni. Veronika akamtazama. Mkono ukarudi.

Habari za kuumwa kwa Witness zilifika Mzumbe, kwa Kasiani. Kasiani ni kaka mkubwa wa Veronika, fundi seremala, mtu mrefu, haongei mara mbili. Jumapili baada ya misa alikuja. Alikuwa na begi tupu.

"Shikamoo, shemeji," alisema Fidelis.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Shikamoo, mjomba!" Witness alichomoza mlangoni.

"Marahaba, mama. Njoo hapa." Kasiani aliweka sikio mgongoni kwa mtoto, kama fundi anayesikiliza mbao. Akasikiliza sana. Kisha akakaa kwenye kigoda. "Fidelis."

"Naam, shemeji."

"Mtoto huyu ni wa ukoo gani?"

"Wa kwenu, shemeji."

"Ukoo ukiniuliza kwa nini mtoto wetu anapumua kama mlango usiotiwa mafuta, nijibu nini? Niseme baba yake anapenda sigara?"



"Kaka, jamani," alisema Veronika. "Baba Witness ni mtu mzuri."

"Sijasema mbaya. Nimesema anavuta." Kasiani alinyanyua lile begi tupu. "Nakupa mwezi mmoja. Nikirudi nikakuta moshi kwenye nyumba hii, au kwenye koti lako, mtoto naondoka naye. Ataishi kwangu Mzumbe. Shule hata kule zipo."

Witness alikimbia, akakaa juu ya viatu vya baba yake. "Mimi siendi! Nani atamsaidia baba kuchuma stroberi?"

"Huchumi wewe, unakula," alisema Veronika. Lakini alisogea, akasimama kati ya mtoto na lile begi.

Fidelis aliweka mkono kichwani kwa mtoto. Kichwa kilikuwa cha moto kidogo, na kidogo hivi, kinajaa kwenye kiganja. Akasema, "Shemeji, ukirudi hutakuta moshi."

Na hakudanganya. Tatizo ni kwamba alitafuta njia ya mkato.

Kesho yake alishusha tenga la stroberi mjini. Alipomaliza kuuza, alipita kwenye duka la vifaa vya simu. Ndani ya kioo kulikuwa na vitu kama kalamu nene, vya rangi rangi.

"Hivi ni nini?" aliuliza.

"Vepu hizo, mzee," alisema kijana wa duka. "Sigara za umeme. Ndio habari ya mjini. Hazina moshi."

"Hazina moshi?"

"Hakuna kuwasha, hakuna jivu. Ni mvuke tu."

Mvuke! Fidelis akaona taa imewaka kichwani. Alikumbuka hospitali. Alikumbuka kinyago, mashine na mvuke mweupe. Mvuke ndio ulimponya mtoto wake!

"Zina harufu gani?"

"Embe, mnanaa, stroberi."

"Nipe ya stroberi," alisema Fidelis. "Nyumba yangu nzima inanuka stroberi. Shemeji yangu hata akija na mbwa wa polisi, hakuti kitu."

Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Aliitupa pakiti ya sigara chooni mbele ya Veronika, kwa madaha, kama mtu anayetumbukiza kura.

"Nimeacha!" alisema. Kisha akatoa vepu, akavuta, akatoa wingu jeupe.

Veronika alikunja uso. "Na hiyo ni nini?"

"Mvuke, mke wangu. Kama ule wa hospitali."

"Wa hospitali uliwekwa dawa na nesi. Huo umewekwa nini?"

"Stroberi! Nusa. Hata wewe utapenda."

Veronika alinusa. Kweli ilinukia. Lakini alibaki amekunja uso, maana yeye alikuwa anachuma stroberi miaka kumi na mbili, na hajawahi kuona stroberi inatoa wingu.

Basi mambo yakawa hivi. Zamani Fidelis alivutia nje. Sasa alivutia sebuleni. Zamani sigara iliisha, akakaa saa nzima kabla ya nyingine. Hii haikuisha. Alivuta akisikiliza redio, akivaa viatu, akimfundisha Witness kuhesabu. Wingu lilipaa, likamzunguka mtoto.

"Baba unanukia keki," alisema Witness.

"Ni mvuke mzuri huu. Mama yako haelewi. Unakumbuka ule wa hospitali uliokusaidia kupumua?"

"Nakumbuka."

"Ndugu yake huyu."

Siku ya kumi Witness alianza kukohoa tena. Siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri, Fidelis na Veronika walikuwa shambani, pale juu ya nyumba. Witness alikuwa ametoka shule, amekaa ndani. Kifua kikaanza kubana. Aliogopa. Akakumbuka mvuke. Koti la baba lilikuwa limetundikwa mlangoni. Akapanda kwenye kigoda, akatia mkono mfukoni.

Bahati nzuri saa ile alikuwa anapita Mwanaidi. Mwanaidi ni mhudumu wa afya wa kitongoji. Nyumba yake ni ya tatu kutoka pale. Kazi yake ni kuzunguka nyumba hadi nyumba, kuuliza watoto wanaendeleaje. Ana mkoba mgongoni na hodi yake inafika hadi bondeni.

"Hodi humu!"

Hakujibiwa. Akasikia mtoto anakohoa. Akaingia. Witness alikuwa amekaa sakafuni, macho yanatoka machozi, vepu ipo mdomoni.

Mwanaidi aliichomoa haraka. "Witness! Nani kakupa hii?"

"Nataka... kupumua," alisema Witness, neno moja moja. "Kama... hospitali."

"Pampu yako iko wapi?"

Witness alionyesha kabati. Mwanaidi alichukua pampu ya pumu na ile chupa ya plastiki waliyopewa hospitali, chupa iliyotobolewa chini. Akaingiza pampu kwenye tundu, mdomo wa chupa akauweka kwa mtoto. Akabonyeza. "Vuta polepole. Toa. Vuta tena. Vizuri, mama. Tena." Huku akapaza sauti hadi mlima ukaitikia: "Mama Witness! Baba Witness! Njooni!"

Fidelis alishuka mteremko ule kama kabichi iliyodondoka. Alipofika mlangoni alikuwa na udongo magotini na kiatu kimoja.

"Mwanangu!"

"Anapumua," alisema Mwanaidi. "Anaendelea vizuri. Lakini amevuta kitu hiki, kwa hiyo lazima tumpeleke akaangaliwe. Hata akionekana mzima. Twende."

Wakaenda hospitali. Witness aliangaliwa, akapewa dawa, akakaa pale kwa saa kadhaa. Hakutapika, hakuzimia. Usiku aliruhusiwa. Alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, na kanga imemfunika hadi masikioni.

Kesho yake asubuhi Mwanaidi alirudi. Alimkuta Fidelis amekaa nyuma ya nyumba, kando ya jaba, lile pipa la plastiki la dawa yake ya kabichi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefukuzwa kwake mwenyewe.

"Habari za asubuhi, baba Witness."

"Dada Mwanaidi, mimi ndio nilimwambia. Nilimwambia mvuke huu ni ndugu wa ule wa hospitali. Mtoto akaniamini." Akafuta pua kwa mkono. "Shemeji ana haki. Acha amchukue."

"Kwanza kaa mbali na hilo jaba, linanuka. Ni nini?"

"Dawa ya vidukari. Wale wadudu wadogo wa kabichi. Naloweka majani ya tumbaku kwenye maji, nachuja, napulizia."

"Wanakufa?"

"Wanakufa wote!" Fidelis alisahau huzuni kidogo. Mambo ya kabichi aliyajua. "Wanaanguka chini kama unga."

"Na wewe ukipulizia, unafanyaje?"

"Nafunga kitambaa puani. Nasimama juu ya upepo. Witness simruhusu kusogea. Na kabichi hatuvuni mpaka zipite siku kadhaa."

"Kwa nini yote hayo?"

"Dada, si sumu hiyo!"

Mwanaidi alikaa juu ya jiwe. Akatoa vepu mkobani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akaishika mbele ya macho ya Fidelis.

"Kitu kinachoua vidukari kwenye tumbaku kinaitwa nikotini," alisema. "Ndicho kipo kwenye sigara. Na ndicho kipo humu. Imeandikwa hapa ubavuni, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Waliotengeneza wamechukua nikotini, wakaichanganya na vitu vingine, wakatia harufu ya stroberi."

Fidelis aliutazama mfuko, kisha akalitazama jaba.

"Wewe ukipulizia kidukari unafunga kitambaa. Ukija sebuleni unampulizia mtoto bila kitambaa."

"Basi dada, yatosha."

"Bado. Mvuke wa hospitali ni dawa ya pumu. Inapanua njia za hewa. Huu unazikera, zinabana. Mtoto akivuta anaumia. Akinywa hayo maji ya ndani, hata kidogo, anaweza kuzidiwa na kufa. Na kwa sababu yananukia stroberi, mtoto wa mlima huu atayaona chakula."

"Kijana wa duka aliniambia haina madhara."

"Kijana wa duka anauza makava ya simu."

Fidelis alicheka bila kutaka. Kisha akasema, "Mimi nimevuta miaka kumi na tisa. Nimejaribu kuacha mara tatu. Siku ya pili nagombana na mbuzi."

"Kwa sababu nikotini imekuzoea na wewe umeizoea. Sio kwamba wewe ni dhaifu. Wanaacha watu wa kila aina, na wengi wao walijaribu zaidi ya mara moja. Safari hii usijaribu kimyakimya. Tupange."

Wakapanga. Veronika alikuja na chai, akakaa nao. Mwanaidi alieleza, na hakuna neno gumu alilotumia.

Chagua siku moja, isiwe mbali. Fidelis alichagua kesho. Waambie watu, ili wasikupe. Toa kila kitu nyumbani: sigara, kiberiti cha mfukoni, vepu. Vepu usiitupe shambani wala usiichome, ina betri na ile sumu. "Naondoka nayo mimi," alisema Mwanaidi. Fua nguo zote, mablanketi na lile koti.

"Koti tufue mara mbili," alisema Veronika. "Hilo koti lina umri wa kuvuta lenyewe."

"Hamu ikija," aliendelea Mwanaidi, "jua kwamba haikai. Ni dakika chache tu. Inapanda, inashuka. Kazi yako ni kuivusha. Kunywa maji. Tembea. Tafuna kitu. Shika kitu mkononi. Siku tatu za kwanza ndio ngumu. Utakuwa mkali, usingizi utasumbua, kichwa kinaweza kuuma. Baada ya wiki mbili tatu mambo yanalegea. Ukizidiwa, njoo tuonane na daktari. Hospitali kubwa zingine zina dawa za kusaidia."

"Na mimi?" aliuliza Veronika. "Jiko langu la kuni lina moshi."

"Swali zuri, mama Witness. Na huo unambana. Witness asikae jikoni ukipika. Fungua dirisha, tumia kuni kavu. Na pampu yake atumie kama daktari alivyosema, hata siku ambayo hakohoi."

"Sawa," alisema Fidelis. Alikuwa na wiki mbili na siku kidogo kabla ya shemeji.

Ugumu haukuwa nyumbani. Ugumu ulikuwa njiani.

Wakulima wa mlima ule hushuka mjini na matenga kichwani. Njia ni ndefu, na ina sehemu tatu za kupumzika. Ya kwanza ni kwenye jiwe bapa. Ya pili ni kwenye mto. Ya tatu ni penye mgomba mmoja mrefu. Kila sehemu matenga yanashushwa, sigara moja inawashwa, inazunguka kwa wote. Vuta, pasi. Vuta, pasi. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Anayekataa pasi anaonekana ana kisirani.

Siku za vepu, Fidelis alivuta wingu lake pembeni yao. Siku ya kwanza ya kuacha, kwenye jiwe bapa, Tomasi alimpa sigara. Fidelis akakunja mikono.

"Nimeacha."

Tomasi alimwangalia Halidi. Halidi alimwangalia Tomasi. Wakaangua kicheko, ndege wakaruka.

"Umeacha tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Hiyo sio kuacha, hiyo ni kuchelewa!" alisema Halidi.

"Amekatazwa na mkewe huyu," alisema Tomasi.

"Nimekatazwa na kifua cha mwanangu," alisema Fidelis. "Alikuta vepu yangu akaivuta. Alidhani ni dawa, kwa sababu aliyemwambia ni mimi. Shemeji akirudi akikuta nanuka moshi, anaondoka na mtoto."

Hakuna aliyecheka tena. Tomasi aliitazama sigara. Akavuta mara moja, akaenda kusimama mbali kidogo, upande wa chini ya upepo. Halidi akamfuata. Fidelis alitoa karoti mfukoni, akatafuna. Akanywa maji. Akahesabu matenga. Hamu ikapanda hadi kooni, ikakaa kidogo, ikashuka.

"Kweli inashuka!" alisema kwa sauti.

"Nini?" aliuliza Halidi.

"Hamna. Endeleeni."

Siku ya pili aligombana na mbuzi. Siku ya tatu aligombana na redio, tena ilikuwa imezimwa. Witness alimletea karoti bila kuambiwa, akaiweka gotini kwake, akakimbia.

"Mama," alinong'ona, "baba ameshatafuna karoti za soko zima."

"Mwache atafune. Karoti zinaota tena."

Siku ya sita mnunuzi alikataa nusu ya tenga. Alisema stroberi zimelainika. Fidelis alirudi amefura. Alipofika mtoni alimkuta mtu amepumzika, anavuta. Hakuwa Tomasi wala Halidi, alikuwa mpita njia tu, hakujua chochote. Akanyoosha sigara. Fidelis akaipokea. Akavuta mara tatu. Ya nne akaitupa majini, akakaa chini, akashika kichwa.

Hakwenda nyumbani kwanza. Alinawa mikono na uso mtoni, akaenda moja kwa moja kwa Mwanaidi.

"Nimeharibu, dada. Yote bure."

"Umevuta ngapi?"

"Mara tatu. Mtoni."

"Siku tano hujavuta. Leo umevuta mara tatu. Mbona unahesabu hizo tatu tu?" Mwanaidi alikuwa anachambua mchele, hakunyanyua hata kichwa. "Ukishuka na tenga ukateleza pale mtoni, unarudi juu shambani kuanza safari upya?"

"Hapana. Naokota, naendelea kushuka."

"Basi okota, endelea. Na kilichokuangusha tumekijua. Ni hasira. Ukiwa na hasira, usipumzike mtoni. Pita."

Fidelis alimweleza Veronika ukweli. Veronika aliweka mwiko chini. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuniambia. Vua shati, nilifue." Kesho yake Fidelis alipita mtoni bila kushusha tenga. Shingo iliuma. Hakuvuta.

Wiki ya pili kitu kipya kilitokea. Kitongoji kizima kilichelewa kuamka. Hakuna kikohozi kilicholia. Jirani mmoja alikuja kugonga kuuliza kama Fidelis amefariki.

"Nipo!" alijibu Fidelis. "Nimelala!"

Alianza kusikia ladha ya chakula. Alimwambia Veronika mchicha wake ni mtamu. Veronika akamjibu kwamba ni mchicha uleule wa miaka tisa. Alipanda mteremko bila kusimama katikati. Na Witness, ambaye alikuwa anashindwa kukimbia na wenzake, alianza kurudi shule na magoti yaliyochubuka.

Mwezi ukatimia. Jumapili, baada ya misa, Kasiani alipanda mlima na begi lake. Veronika alikuwa amepika wali, maharage na kuku. Mwanaidi alialikwa. Tomasi na Halidi walikuja bila kualikwa, kwa sababu waliisikia harufu ya kuku.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Kasiani hakukaa. Alinusa mlango. Alinusa pazia. Alinusa koti lililotundikwa, akaligeuza, akanusa kwapa. Akainama, akanusa mto wa kulalia. Kisha akamnusa Fidelis mwenyewe, shingoni, kwa makini kama mteja wa samaki.

"Sabuni," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Umevuta lini mara ya mwisho?"

Pale Fidelis angeweza kudanganya. Hakuna aliyemwona mtoni. Alimtazama Witness, akalitazama begi.

"Sigara niliacha kesho yake ulipoondoka, nikachukua vepu. Hiyo ilikuwa mbaya vilevile. Mtoto aliivuta, tukampeleka akaangaliwe. Baada ya hapo niliacha vyote. Siku ya sita nilianguka, nikavuta mara tatu. Kuanzia pale, hamna. Leo ni siku ya tisa."

Hata Tomasi aliacha kutafuna.

Kasiani aligeuka. "Witness. Njoo."

Akaweka sikio mgongoni kwa mtoto, kama siku ile. Akasikiliza. Akahamisha sikio upande wa pili. Akasikiliza tena.

"Mjomba, unanitekenya," alisema Witness.

"Tulia." Akasikiliza mara ya tatu, macho amefumba. Aliponyanyuka, uso ulikuwa umelegea. "Hakuna kitu," alisema. "Hewa tu. Inapita."

Akachukua lile begi, akalikunja mara mbili, akalikalia.

"Nilidhani nitaambiwa uongo, niondoke na mtoto," alisema. "Umenipa ukweli mpaka ule usioulizwa. Sasa sikilizeni, na nyinyi mliokuja kula sikilizeni. Mtoto huyu ni wa ukoo wetu, hilo halibadiliki. Lakini anakaa hapa, kwa baba yake. Atakayeniuliza, nitamwambia baba yake anamtosha."

Mjomba kusema maneno hayo mbele za watu sio jambo dogo. Veronika alifunika mdomo kwa kanga. Halidi alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Fidelis alitabasamu hadi masikioni. Na papo hapo, bila taarifa, hamu ya sigara ikampanda, kali kuliko siku zote. Alijua hasira inaleta hamu. Hakujua kwamba na furaha inaleta. Mikono ilianza kutafuta kitu cha kushika.

Akasimama ghafla. Akaanza kukusanya sahani. Alichukua ya Tomasi, alichukua ya Mwanaidi, alichukua ya shemeji yake. Akaenda nazo nje, akakaa mbele ya beseni, akaanza kuosha kwa nguvu, povu likaruka hadi kwenye nyusi.

Kasiani alibaki amenyanyua mkono hewani. Mkononi kulikuwa na paja la kuku, na mbele yake hakuna sahani.

"Amekuwaje huyu?" aliuliza. "Mimi sijamaliza kula!"

"Mwache, mjomba," alisema Witness. "Ni dakika chache tu, atarudi."